Magari Matano Meupe

Simu iliita mara mbili, ikakata. Ikaita tena.

“Habari za asubuhi, mteja wetu,” ilisema sauti ya mzee. “Ni kuhusu gari lako la wikendi. Uliomba jekundu. Tumepata la bluu.”

Kurusu Tamaki aliguna, kama mtu anayeamua akubali au alalamike.

Bluu. Maana yake mhandisi bado yu hai.

Angeambiwa jeusi, angegeuza njia akarudi nyumbani kulala.

“La bluu linanifaa,” alisema, akakata simu.

Alikuwa amesimama nje ya duka la kukodisha magari la Tsubame, mtaa wa Shibaura, Tokyo. Ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri la kuanika magodoro. Duka lile ni la watu wanaotaka kuringa siku mbili: wafanyakazi wa benki, wapenzi wapya, wageni waliokuja kutembea mjini na kupanda milimani na gari lenye mngurumo. Jumatatu wanarudi kwenye treni kama binadamu wengine. Kwa siku ile Tamaki alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa ofisini wa miaka arobaini na kitu, kofia, miwani ya jua, barakoa, anajipa raha kidogo.

Raha yenyewe hakuwa nayo. Wala huzuni. Tangu Alhamisi hakuwa na kitu.

Alhamisi jioni, Ukai Seiichiro alikwenda kufungua mlango wa nyumba ya maficho, akakatwa koo kwa wembe. Ukai alikuwa mwenzake kazini tangu siku Tamaki alipoingia Idara ya Ujasusi. Ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, kunusa uongo, na kutokaa mgahawani akiupa mlango mgongo. Tamaki alifika akamkuta amelala pale kizingitini, juu ya viatu vilivyovuliwa. Alimfumba macho. Hakulia. Si kwamba alijikaza, la. Hakukuwa na kitu cha kukizuia. Baadaye alipewa chai, na kwamba ilikuwa ya moto alijua kwa kuuona mvuke.

Ndani ya nyumba ile walikuwa wakimlinda mhandisi Hatsushiba Rui. Binti huyu ndiye aliyebuni masikio ya nyambizi za nchi nzima, mitambo ya kunasa sauti chini ya maji, na siri ya masikio hayo ilikuwa kichwani mwake tu. Kuna watu ng’ambo waliokitaka kichwa hicho.

Rui alitoweka.

Aliyemchukua hakuna aliyewahi kumwona sura na kubaki hai. Idara ilimwita Kinyozi, kwa ajili ya wembe wake. Ijumaa, mitambo ya Idara ilinasa ujumbe mfupi hewani:

Mzigo unapanda mlimani na weupe watano. Meli bandari ya Numazu, saa kumi. Wakitugusa, nabonyeza.

Weupe watano walikuwa mbele ya macho ya Tamaki sasa hivi.

Gari tano za kasi aina ya Toyota 86, nyeupe pe, zimepangwa mstari mbele ya duka. Zilikuwa zimekodiwa tangu jana na klabu ya wapenda magari kutoka São Paulo, wajukuu wa Wajapani waliohamia Brazili zamani kwenda kulima kahawa. Wanaume watano, kila mmoja na gari lake. Walijuana kwenye mtandao tu, na wiki hii ndiyo walionana ana kwa ana mara ya kwanza. Leo wanapanda mlima wa Hakone, kesho pwani ya Izu. Nyuso zao ni nyuso za Tokyo, ila vicheko vyao vilikuwa vikubwa mno kwa mtaa ule.

Mmoja wao hakuwa mwenzao.

“Kwa nini tusiwasimamishe wote watano kwa mkupuo?” Tamaki alikuwa amemuuliza mzee Bito, mkuu wake, jana ile.

“Kwa sababu ya lile neno la mwisho. Unakumbuka Kobe?”

Tamaki alikumbuka. Mateka ndani ya buti la gari, mtungi mdogo wa gesi ya sumu pembeni yake, na kitufe mkononi mwa mtekaji. Polisi walizingira gari. Walipofungua buti, walifungua jeneza.

“Tumjue kwanza ni yupi,” Bito alisema. “Halafu tuuondoe mkono wake kwenye kitufe. Kwa mpangilio huo, Kurusu. Ukianza na la pili, binti wa watu amekwenda na maji.”

Karani wa duka, kijana nadhifu aitwaye Nagumo, alimzungusha Tamaki kwenye Mazda Roadster ya bluu huku akimwonyesha kila mkwaruzo kwa kiganja kilichokunjuliwa, na kila mkwaruzo akiuombea radhi.

“Gia ni za mkono, mteja wetu. Umezoea?”

“Kiasi.”

“Ukirudisha, tanki liwe limejaa, tafadhali. Ni lako mpaka kesho jioni. Na barabara ya mlimani ina kona kali, usiwe na haraka.”

“Sina haraka,” Tamaki alisema. Alikuwa na bastola ndogo aina ya SIG chini ya kiti, na mfukoni kalamu ambayo badala ya wino ilikuwa na sindano ya usingizi.

Weupe watano waling’oka. Mbele yao lilitangulia basi dogo la Bi Onuki, mtembeza wageni mwenye bendera ya njano na sauti ya mwalimu wa chekechea.

Mazda ya bluu ilifuata.

*

Barabara Kuu ya Tomei ilikuwa imejaa. Jumamosi asubuhi nusu ya Tokyo inakumbuka kwamba ina familia, inazipakia kwenye magari na kuzipeleka kukaa foleni. Tamaki alibadilisha gia, akapita lori, akarudi nyuma ya lori. Kigari kilitii mkono vizuri. Siku nyingine angekifurahia.

Saa yake ya Casio ilitetemeka. Kipokea sauti kikakoroma sikioni.

“Bluu, uko wapi?”

“Kawasaki. Nawaona wote watano.”

“Kuna yeyote anayetia shaka?”

“Wa kwanza anaimba. Wa pili anajipiga picha. Hawa ni wapumbavu wa kawaida, Mkuu.”

“Mmoja wao anaigiza upumbavu.”

“Basi anaigiza vizuri.”

Walisimama Ebina, kituo kikubwa cha mapumziko, ambako haiwezekani kupita bila kununua mkate wa meloni. Foleni ya mkate ilikuwa imezunguka jengo. Wabrazili wakajipanga. Tamaki aliegesha mkabala na magari yao, akaelekeza kioo cha pembeni. Ndani ya kioo hicho Idara ilikuwa imeficha kamera ya joto. Mwili wa binadamu ndani ya buti ungeonekana kama doa la rangi ya chungwa.

Alitazama skrini iliyokuwa juu ya goti lake.

Buti zote tano zilikuwa za rangi ya chungwa.

Jua. Jua lilikuwa limezichoma bati zile tangu asubuhi, na kama Rui alikuwamo, alikuwa amefunikwa blanketi la karatasi ya fedha. Kamera ya mamilioni ikawa haina tofauti na kijiko.

“Mkuu, mitambo imegoma.”

“Imeharibika?”

“Haijaharibika. Imezidiwa akili.”

Kivuli kilimwangukia. Jitu la miraba minne, ndevu tele, lilikuwa limeinama dirishani na mkate wa meloni mkononi. Huyu alikuwa Hélio Tamashiro, kiongozi wa klabu. Kijapani chake alifundishwa na bibi yake huko kwenye kahawa, kwa hiyo lilipofungua kinywa, jitu zima lile liliongea kama ajuza wa kijijini.

“Ewe binti yangu, haka kagari unakapanda au unakavaa?”

“Nakavaa, bibi,” Tamaki alijibu nyuma ya barakoa.

Hélio alicheka mpaka makombo ya mkate yakaruka. “Umesikia, Fábio? Ananiita bibi! Njoo umwone!”

Fábio alikuwa ameegemea gari la nne, anatafuna. Aliinua kidole gumba, wala hakusogea. Tamaki aliwapima wote watano kwa namna alivyofundishwa. Hakuna aliyeinama kusalimu. Wote walicheka midomo wazi. Wote walikula huku wakitembea. Wote waliongea Kireno kwa kelele na mikono. Kama Kinyozi alikuwa hapo, alikuwa ameishi Brazili miaka mingi na kuisoma vizuri.

Hélio alimmegea kipande cha mkate. Tamaki alikishukuru, akakitia mdomoni chini ya barakoa. Aliona ni kizito. Utamu hakuusikia.

Alitangulia kuondoka. Pale ambapo njia ya kituo inaungana na barabara kuu, magari yalikuwa yamebanana, hakuna pa kuingilia. Dereva wa lori moja la samaki aliona herufi ya gari la kukodi kwenye kibao cha namba, akamwonea huruma mgeni huyu wa usukani, akapunguza mwendo. Tamaki akachomeka.

Kidole chake kikagusa kitufe chekundu katikati ya dashibodi. Taa za dharura nyuma ya gari zikawaka mara mbili. Asante, dereva. Akazima.

Alisogea kidogo na foleni, bado sambamba na njia ya kuingilia, kisha akakitazama kidole kile.

Nani alikuwa amemfundisha hivyo?

Hakuna. Shule ya udereva haifundishi, na mtihani hauulizi. Taa zile sheria inasema ni za gari lililokwama. Lakini hakuna dereva wa nchi hii anayepishwa bila kuziwasha, na hakuna anayekumbuka alianza lini. Mtu anakua kwenye kiti cha nyuma cha baba yake, anaona, na siku akishika usukani kidole kinakwenda chenyewe.

Na Kinyozi, mbele za watu, angejichunga kila kitu. Angejichunga ulimi, shingo, mikono, mdomo. Ndani ya gari yuko peke yake, na kama alikulia nchi hii, kidole kingemsaliti.

“Mkuu,” Tamaki alisema. “Nataka kufanya wema.”

“Wema gani?”

“Subiri uone.”

Alipunguza mwendo mpaka akawa anatambaa. Nyuma yake gari la familia lilimmulika taa kwa hasira ya adabu. Basi la Bi Onuki lilikuja, akalipisha. Kisha weupe wakaanza kufika kwenye maungano, mmoja baada ya mwingine, na Mazda ya bluu ikasimama na kumwachia kila mmoja nafasi.

Wa kwanza, Hélio. Mkono mnene ukatoka dirishani, kidole gumba juu.

Wa pili, Nelson. Gumba, halafu busu la hewani.

Wa tatu, Wagner. Alipiga honi fupi, pii, ambayo ilimfanya kila dereva wa jirani ajiulize amekosa nini.

Wa nne, Fábio.

Hakuna mkono. Hakuna honi. Gari jeupe lilijipenyeza vizuri mbele yake.

Taa mbili za nyuma ziliwaka, zikazima. Zikawaka, zikazima.

Wa tano, Édson, alitoa gumba na kupiga honi vyote kwa pamoja.

Tamaki aliweka gia.

“Ni wa nne,” alisema. “Fábio.”

“Una hakika?”

“Ameshukuru kwa taa.”

“Kwa taa,” Bito alirudia. “Kurusu, nimwambie Waziri nimemjua adui wa taifa kwa sababu ana adabu barabarani?”

“Mwambie njia za kitaalamu.”

“Huenda amejifunza. Mtu huiga.”

“Wamefika Jumatano, na magari wamechukua jana. Wenzake wanne hawajaiga.”

Alimsikia mzee akipuliza chai. Bito hupuliza chai anapoogopa. “Haya. Tunaye. Sasa mkono wake. Helikopta iko tayari, wadunguaji wako tayari…”

“Akisikia helikopta, anabonyeza.”

“Wewe unataka nini?”

“Mpigie Bi Onuki. Mwambie mwakilishi wa Tsubame atawangojea kwenye uwanja wa juu mlimani, awasalimie wateja na kuwapa kadi yake.”

“Kadi ya kazi?”

“Ndiyo, Mkuu. Kadi ya kazi.”

Hakueleza zaidi. Mzee wa nchi ile hakuhitaji kuelezwa.

*

Aliwapita Odawara. Barabara ya kulipia ilipanda mlima kwa kona baada ya kona. Tamaki alikikamua kigari, gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena, matairi yakilia kidogo kwenye kila kona. Alifika juu akiwa na dakika chache mkononi. Alivua kofia, miwani na barakoa. Alibana nywele. Alivaa koti la bluu la ofisini, lile ambalo kila mwanamke wa mji ule analo kabatini.

Kisha akakumbuka kwamba hakuwa na kadi.

Majasusi hawatembei na kadi zao. Ndani ya mkoba, hata hivyo, kulikuwa na mfuko wa nailoni aliopewa Alhamisi, vitu vya Ukai, ambao hakuufungua. Aliufungua sasa. Funguo za nyumba. Pakiti ya peremende za koo. Kijaluba cha ngozi, na ndani yake kadi za kampuni ya uongo ambayo Ukai aliitumia kama kazi yake mbele za watu. Jina tu ndilo lilikuwa la kweli. Ukai Seiichiro, Mauzo.

Alizihesabu kwa macho, akaona zinatosha. Alilisoma jina lile tena. Alitamani limuume.

Weupe watano waliingia uwanjani. Juu huko upepo ulikuwa mkali, na mlima Fuji ulikuwa umejificha, kama kawaida yake wageni wakija. Magari yalipangwa mstari kando ya ukingo wa bonde. Bi Onuki aliinua bendera ya njano.

“Wapendwa wageni! Mwakilishi wa duka lenu la magari amekuja mpaka huku juu kuwaamkia! Njooni, njooni!”

Watano wakasogea. Fábio alikuwa wa nne hata katika kutembea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika funguo za gari, na pamoja na funguo, kwenye kamba moja iliyozungushwa kidoleni, kidude cheusi kisichozidi yai la kware. Gumba lake lilikuwa juu ya kidude hicho. Halikuondoka alipotembea, wala alipojikuna.

Hatua chache nyuma yake, ndani ya buti la gari la nne, kulikuwa na mtu anapumua. Tamaki alijilazimisha asilitazame.

“Karibuni sana,” alisema, akainama.

Nelson alipokea kadi kwa mkono mmoja, akaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia. Bi Onuki alifumba macho kwa uchungu. Wagner alijipepea nayo. Édson aliuliza kama ni ya punguzo la bei.

Hélio alikuwa ameinamia simu yake anatafuta mtandao.

Tamaki akasimama mbele ya Fábio.

Alishika kadi kwa mikono miwili, kwa ncha za vidole, maandishi yakimwelekea mpokeaji. Aliinama kwa kina kinachostahili mteja mkubwa, wala hakuharakisha. Akainyoosha kadi mbele yake na kuiacha hapo hewani, inangoja.

Kadi inayotolewa kwa mikono miwili haipokelewi kwa mmoja. Mtoto wa pale hulijua hilo hata kabla ya kuwa na kazi ya kuiandika kwenye kadi.

Mikono miwili ya Fábio ilipanda. Shingo yake ikashuka kidogo.

Gumba la kulia likaacha kidude, likashika pembe ya kadi.

Na macho yake, kwa adabu ileile, yakasoma jina.

“Aaa!” Hélio, aliyeiona Mazda imeegeshwa pembeni, alipaza sauti. “Huyu si yule binti wa kagari ka bluu? Binti yangu, umefikaje huku!”

Fábio aliinua macho.

Tamaki alikuwa ameshakamata kifundo cha mkono wa kulia. Kalamu ilizama shingoni. Mtu yule alikuwa mwepesi ajabu; mkono wa kushoto ulitoa wembe kutoka kwenye mkanda na kupita hewani, na Tamaki aliona koti lake la bluu limefunguka kuanzia kiwiko mpaka karibu na saa. Aliona tu. Alimpiga goti la tumbo. Wakaanguka wote wawili juu ya lami, na Kinyozi, macho yakianza kulegea, aliikunja ile kamba kwa vidole viwili mpaka kidude kikarudi kiganjani.

Akabonyeza.

Ndani ya buti la gari la nne kitu kililia. Pssss.

Tamaki alivuta pumzi moja, akaibana. Aling’oa kamba kutoka kwenye kidole cha Kinyozi pamoja na funguo, akabonyeza ufunguo huku anakimbia. Buti likafunguka. Gesi isiyo na rangi ilimchoma macho. Blanketi la karatasi ya fedha. Mtungi umefungwa kwa utepe kando yake. Aliung’oa na utepe wake, akauvurumisha juu ya ukingo, ukaenda bondeni ukilia mpaka hausikiki. Kisha akaingiza mikono yote miwili, akalikumbatia blanketi na kilichokuwamo, akalivuta nje na kukimbia nalo kuelekea upepo unakotoka.

Aliachia pumzi. Akalifunua blanketi.

Uso mweupe. Utepe mdomoni. Macho yamefumbwa.

“Hatsushiba-san.”

Kope hazikusogea.

Aliutoa utepe. Alimpiga kofi la shavu, kisha la pili. “Hatsushiba-san! Rui!”

Rui alikohoa. Alikohoa sana, akatapika, akakohoa tena, na halafu akavuta hewa kwa kelele kubwa.

Tamaki aliisikia kelele ile, akaingoja furaha. Haikuja. Alijua tu kwamba ni vizuri.

“Bluu,” kipokea sauti kilikoroma. “Bluu, sema!”

“Yu hai. Kinyozi amelala. Leteni gari la wagonjwa, na mtu wa kuokota mtungi bondeni, avae barakoa ya gesi.”

Mzee alisikika akiweka kikombe mezani. “Meli tumeishika Numazu. Nahodha anasema anavua ngisi.”

“Ana nyavu?”

“Hana hata ndoana.”

*

Wabrazili walikuwa wamesimama mbali kidogo, wamekusanyika nyuma ya Bi Onuki na bendera yake. Hélio peke yake ndiye aliyesogea.

“Binti yangu,” alisema taratibu, “unamwaga damu.”

Tamaki alitazama. Damu ilikuwa imejaa mkono wa koti na inadondoka kwenye kiatu. “Kumbe,” alisema. Hélio alivua skafu yake ya timu ya mpira akamfunga mkono kwa nguvu, vizuri, huku akinung’unika maneno ya bibi yake.

Tamaki alikata kamba za Rui. Mikono ya binti ilikuwa imefungwa nyuma tangu usiku, imevimba, rangi ya zambarau. Rui aliitazama kama ya mtu mwingine.

“Siisikii,” alisema. “Vidole sivisikii.”

Tamaki alikaa chini kwenye lami, akaiweka mikono ile mapajani, akaanza kuisugua. Kiganja, kifundo, kidole kimoja kimoja. Baada ya muda Rui alianza kulia kwa sauti ndogo.

“Inauma. Inauma sana.”

“Ndivyo ganzi inavyotoka. Vumilia.”

“Ukai-san yuko wapi?”

Tamaki aliendelea kusugua.

“Alikuwa ananimenyea chenza,” Rui alisema. “Kengele ikalia. Akaniambia nisile zote, anafungua mlango tu anarudi. Yuko wapi?”

“Amefariki. Hapohapo mlangoni.”

Rui alilia wazi sasa, kwa mwili mzima, kamasi na machozi, kwa ajili ya mtu aliyemjua siku chache. Tamaki alimtazama kwa makini. Alimwonea wivu, na wivu huo ulimshangaza.

“Mkewe anajua?” Rui aliuliza. “Alinionyesha picha yake. Anaitwa Fusae. Anajua?”

“Bado.”

“Tangu Alhamisi?”

“Ilibidi iwe siri mpaka upatikane. Anadhani mumewe yuko safari ya kikazi.”

“Basi mimi nimepatikana,” Rui alisema.

Magari ya Idara yalifika, yameandikwa ubavuni jina la kampuni ya kusafisha mabwawa. Walimchukua Rui kwa machela, wakamchukua Kinyozi kwa pingu. Kwenye lami palibaki kadi, imekanyagwa, ina alama ya kiatu. Tamaki aliiokota, akaifuta kwa ndani ya koti, akaitia kwenye kijaluba. Kijaluba na funguo za nyumba akavirudisha kwenye mfuko wa nailoni.

“Kurusu,” Bito alisema sikioni. “Panda gari la wagonjwa ushonwe huo mkono. Mazda ataishusha mtu.”

“Nimeambiwa ni yangu mpaka kesho jioni.”

“Unataka kwenda wapi?”

“Atami. Kwa mke wa Ukai.”

Mzee alipuliza chai. “Nitamtuma mtu wa utumishi. Kuna watu wamesomea mambo hayo.”

“Hapana, Mkuu.”

“Utamwambia nini?”

“Sijui.”

Alizima saa. Hélio alimfungulia mlango wa kigari cha bluu, kwa heshima, kama mtu amfunguliavyo mama mkwe.

“Binti yangu, wewe ni nani hasa?”

“Mteja,” Tamaki alisema. “Nimekodi gari la wikendi.”

Alishusha paa, akauweka ule mfuko kwenye kiti cha abiria, akaufunga mkanda. Akatoka uwanjani bila kugeuka nyuma. Barabara ya Atami inateremka kwa kona nyingi, na kila kona inataka gia. Alibadilisha kwenda ya pili, akabadilisha kwenda ya tatu. Kabla hajaiona bahari, mkono ulianza kuuma.